Matiti Yangu Si Yale ya Zamani: Maswali ya Wajawazito na Wanaonyonyesha

Bado sijapima, lakini matiti yananiuma hata yakiguswa na nguo. Inaweza kuwa mimba?

Inaweza. Kwa wanawake wengi matiti ndiyo hutangulia kutoa habari, pengine wiki ya 4 hadi ya 6, kabla hata ya kichefuchefu. Homoni ya estrojeni inakuza na kutawanya mirija ya maziwa, projesteroni inaongeza vifuko vidogo ambamo maziwa yatatengenezwa, na damu nyingi zaidi inapita humo. Ndiyo maana titi huwa zito na mishipa ya damu huanza kuonekana chini ya ngozi. Ila maumivu ya kukaribia hedhi yanafanana mno na haya, kwa hiyo usiyategemee. Pima mkojo. Wapo pia wajawazito wasiosikia maumivu yoyote na mimba zao ziko salama.

Weusi wa kuzunguka chuchu umepanuka, tena umetoka vipele. Ni ugonjwa?

Hapana. Vipele hivyo huitwa tezi za Montgomery, kwa jina la daktari wa Ireland aliyezieleza mwaka 1837 miongoni mwa dalili za ujauzito. Vinatoa mafuta yanayolainisha ngozi ya chuchu, na harufu yake humvuta mtoto mchanga kulitafuta ziwa. Usivikamue, na usivisugue kwa sabuni, maana utaondoa mafuta yenyewe na kubaki na chuchu kavu inayopasuka. Weusi hupungua baada ya kuachisha, ingawa kwa wengi haurudi kabisa kama ulivyokuwa.

Nina mimba ya miezi mitano na chuchu zinatoa majimaji ya njano.

Hiyo ni dang'a, maziwa ya mwanzo. Titi huanza kuitengeneza karibu na wiki ya 16. Huna haja ya kuikamua. Ikivuja, futa tu. Mwenzako asiyeona hata tone asiogope, kwani kutovuja hakumaanishi atakosa maziwa. Ukiona damu mwonyeshe mkunga au daktari. Mara nyingi inatokana na mirija inayokua kwa kasi na hukoma yenyewe, lakini aseme hivyo mtu aliyekupima.

Matiti yangu ni madogo. Nitamshibisha mtoto kweli?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linaniuma kila ninapolisikia, kwa sababu wapo wanaokata tamaa hata kabla ya kujifungua. Ukubwa wa titi unatokana zaidi na mafuta, na mafuta hayatengenezi maziwa. Tofauti iliyopo ni ya akiba: titi jingine linabeba maziwa machache kwa mkupuo mmoja, basi mtoto atanyonya mara nyingi zaidi. Mwisho wa siku atakuwa amepata kiasi chake.

Wanaopaswa kumwambia mkunga mapema ni wale ambao matiti yao hayakubadilika hata kidogo ujauzito mzima, na waliowahi kufanyiwa upasuaji wa matiti. Hao wanahitaji kufuatiliwa kwa karibu siku za mwanzo.

Siku ya tatu baada ya kujifungua yamekuwa magumu kama jiwe. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kondo la nyuma linapotoka, projesteroni hushuka ghafla, na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ambayo ilikuwa imezuiwa, sasa inapata nafasi ya kufanya kazi. Kati ya siku ya 2 na ya 4 maziwa hushuka kwa wingi, na pamoja nayo damu na maji hujaa ndani ya titi. Dawa yake ya kwanza ni mtoto mwenyewe: anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Titi likiwa gumu kiasi kwamba hawezi kulishika, kamua kidogo kwa mkono mpaka weusi wa chuchu ulainike, kisha mpe. Akimaliza, weka kitambaa cha baridi. Usilikande kwa nguvu, kwani kukandwa hivyo huongeza uvimbe.

Sehemu ya titi ikiwa nyekundu na ya moto, ukapata homa na mwili kuuma kama una mafua makali, huo ni uvimbe wa titi unaoweza kuishia kwenye jipu. Nenda hospitali, na uendelee kunyonyesha. Maziwa ya titi hilo hayamdhuru mtoto, na kuacha ghafla ndiko kunakozidisha tatizo.

Baada ya wiki sita yamelegea, hayavuji tena. Maziwa yamekauka?

Hayajakauka. Titi limeshajifunza kutengeneza kadiri mtoto anavyotoa. Angalia mtoto: akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito unapanda, anashiba. Akina mama wengi huanzisha maziwa ya kopo wakati huu kwa hofu tu. Mtoto ananyonya kidogo, titi nalo linapunguza, na kile walichokiogopa kinatokea.

Niambie ukweli: kunyonyesha kunaangusha matiti?

Kunyonyesha siko. Kinachobadilisha umbo ni ujauzito. Ngozi na nyuzi zinazoshikilia titi huvutwa linapokua, iwe utanyonyesha au hutanyonyesha. Mwaka 2008 daktari wa upasuaji Brian Rinker wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili. Mambo yaliyoambatana na matiti kulala yalikuwa umri, idadi ya mimba, uzito wa mwili, ukubwa wa matiti kabla ya mimba na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuwemo.

Ukiachisha ziwa, vifuko vya maziwa husinyaa na mafuta hurudi polepole kwa miezi kadhaa. Katikati ya safari hiyo titi huonekana tupu, na wengi hudhani ndiyo limeisha hivyo. Subiri kwanza. Baadaye linaweza kujaa tena kiasi, likabaki dogo au kubwa kuliko zamani, au moja likapitana na jingine. Sidiria nzuri hupunguza uzito na maumivu wakati wa ujauzito, lakini hakuna krimu inayorudisha nyuzi zilizovutika. Usitupe pesa yako huko.

Nimegusa uvimbe. Si ni maziwa tu?

Mara nyingi ndiyo: mrija uliobana, au maziwa yaliyokusanyika mahali pamoja. Hata kwapani panaweza kuvimba, kwa kuwa baadhi ya wanawake wana nyama ya titi huko. Uvimbe wa maziwa hubadilika mtoto akinyonya na huisha ndani ya siku chache.

Ni kweli pia kwamba kunyonyesha kunakinga. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliotoka mwaka 2002, ulionyesha hatari ya saratani ya matiti inapungua kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ambayo mwanamke amenyonyesha. Lakini kinga si ahadi. Saratani humpata mjamzito na anayenyonyesha pia, na kwao huchelewa kugunduliwa kwa sababu kila mtu anasema ni maziwa. Uvimbe ukikaa zaidi ya wiki mbili, ngozi ikibonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu ikaingia ndani ghafla, au damu ikatoka, nenda ukapimwe. Kipimo cha utrasaundi ni salama kwa mimba na hakikulazimu kuachisha mtoto. Na ukirudishwa nyumbani bila hata kuguswa titi, na uvimbe bado upo, mtafute daktari mwingine.