Je, wajua kwa nini kampuni ya sabuni ilimiliki mashamba ya chai Mufindi?

Ukitoka Iringa kwenda Mbeya, ukifika Mafinga kunja kushoto, uiache barabara kuu iendelee na malori yake ya Tunduma. Utapita katikati ya misonobari ya Sao Hill, ile ambayo wenyeji wanaiita paina, na ukishaipita Sawala vilima vinabadilika: kijani cha aina moja, kimenyolewa sawasawa kama kichwa cha mtoto anayerudi shule. Hiyo ndiyo chai ya Mufindi. Kwa miaka mingi mwenye mashamba makubwa ya huko alikuwa Unilever, jina lile lile lililoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti ya Omo.

Nikiwa darasa la sita nilimuuliza mjomba wangu, aliyekuwa anapima majani mabichi kwenye mizani ya shambani, watu wa sabuni wanatafuta nini kwenye chai. Akaniangalia, akaandika kilo za mama aliyekuwa mbele yake na tenga mgongoni, ndipo akanijibu: "Hilo muulize mwenye mali. Mimi napima kilo." Jibu nimelipata ukubwani, na ni refu kuliko nilivyodhani, maana linapita Uingereza, Uholanzi, Kongo na Kongwa kabla ya kufika Mufindi.

Lakini tuanzie karibu, sokoni Mwanjelwa. Kuna maduka pale, mengi ya Wakinga, ambayo bado yanauza sabuni ya mche kwa kipande. Muuzaji anaulaza mche juu ya ubao, anapima kwa jicho, anapitisha waya mwembamba chini yake, anavuta ncha mbili kwa pamoja. Kipande kinaanguka kikiwa na uso laini unaong'aa, anakifunga kwenye gazeti, unalipa. Kama kipande chako ni kidogo kuliko cha jirani, hapo ndipo maneno yanapoanza.

Hivyo hivyo ndivyo sabuni ilivyouzwa kwenye mji wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza, katika miaka ya 1860. Mvulana aitwaye William Lever, aliyezaliwa mwaka 1851, aliingia kazini dukani kwa baba yake akiwa na miaka 16, na kazi aliyopewa ilikuwa kukata miche ya sabuni na kufunga vipande. Sabuni ya wakati ule kwa kawaida haikuwa na jina. Mteja aliomba sabuni akapewa sabuni, nzuri au mbaya, kwa kadiri mwenye duka alivyonunua.

Lever alichofanya mwaka 1884 kinaonekana kidogo leo: aliamua sabuni yake ikatwe kabisa kiwandani, ifungwe kwenye karatasi, na ipewe jina. Jina likawa Sunlight. Mwaka uliofuata yeye na mdogo wake James wakaanza kuipika wenyewe mjini Warrington, na kampuni ikaitwa Lever Brothers. Kwenye kifungashio wakaahidi pauni 1,000 kwa yeyote atakayethibitisha kwamba sabuni imechakachuliwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo ugomvi wa kipande kikubwa na kidogo ulipokwisha, na biashara ya kuuza jina ikaanza. Aliyekuwa akimwamini mwenye duka sasa akawa anaiamini karatasi.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu siri ya Mufindi imo humo. Sabuni ni mafuta yaliyochemshwa na magadi makali. Vikishachangamana unapata sabuni, na pembeni gliserini. Ila mafuta hayafanani. Shahamu ya ng'ombe inatoa sabuni ngumu, inayodumu, lakini povu lake ni la kubembelezwa. Mafuta ya nazi, au ya mise, yaani kile kiini kilichomo ndani ya kokwa la mchikichi, yanatoa povu mara moja hata kwenye maji ya baridi. Aliyewahi kufua kwa maji ya mto wa Mufindi mwezi wa saba anajua tofauti hiyo ina thamani gani. Sunlight ilipikwa kwa takriban asilimia 42 ya mafuta ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa, au mise, asilimia 25 ya shahamu, asilimia 24 ya mafuta ya mbegu za pamba, na iliyobaki utomvu wa misonobari. Utomvu wa namna hiyo siku hizi unagemwa pale pale Sao Hill, kwenye vifuko vilivyofungwa shinani mwa miti.

Angalia tena orodha hiyo. Mbata, mise, pamba: vitu vya nchi za joto. Mara Lever alipoanza kuuza kwa wingi, akawa na tatizo ambalo mwenye duka wa Bolton hakuwahi kuliota, yaani mafuta yake yote yanatoka kwenye mashamba ya watu wengine, mbali, na bei wanapanga wao. Mwaka 1888 alianza kujenga kiwanda na kijiji cha wafanyakazi karibu na Liverpool, akakiita Port Sunlight. Nyumba nzuri, bustani, shule. Bado kipo na watalii wanakwenda kukitazama. Lakini mafuta ya kukilisha kiwanda hicho ilibidi yatoke mahali.

Mwaka 1911 yakapatikana Kongo. Serikali ya Ubelgiji ilimpa Lever haki ya michikichi kwenye maeneo ya hekta 750,000, na mji uliojengwa huko ukaitwa Leverville, leo Lusanga. Kule hapakuwa na bustani za maua. Watu walilazimishwa kukwea michikichi na kukata mikungu, kwa msaada wa dola na kodi zake, na mwaka 1931 watu wa kabila la Wapende, waliokuwa wakiishi katika eneo hilo, waliasi, wakakandamizwa kwa damu. Wanaosimulia habari za Port Sunlight mara nyingi huishia kwenye bustani. Mimi naona vijiji hivyo viwili visimuliwe pamoja, kwa kuwa povu la kimoja lilitoka kwenye jasho la kingine.

Wakati huo, upande wa pili wa bahari, kwenye mji mdogo wa Oss huko Uholanzi, familia mbili za wafanyabiashara wa siagi, Jurgens na Van den Bergh, zilikuwa zinagombea mafuta hayo hayo. Mfaransa mmoja, Mège-Mouriès, alikuwa amebuni siagi ya bandia mwaka 1869, ndiyo majarini, na Waholanzi hao wakaifanya biashara kubwa. Halafu mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann akapata hakimiliki ya njia ya kuyagandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia haidrojeni. Tangu hapo mafuta yale yale yaliweza kuwa sabuni au yakapakwa kwenye mkate. Mpika sabuni na mpika majarini wakajikuta wananunua kwenye gulio moja na kupandishiana bei.

Lever alifariki mwaka 1925. Jurgens na Van den Bergh waliungana mwaka 1927, wakajiita Margarine Unie. Na Septemba 1929 Unie na Lever wakatia saini mkataba wa kuwa kitu kimoja, wakaanza rasmi Januari 1930. Chukua Uni, ongeza Lever. Ndivyo jina lilivyopatikana, na ndiyo sababu bibi yako alikuwa na kopo la Blue Band kabatini na kipande cha Lux bafuni bila kujua kwamba vimetoka nyumba moja.

Njaa hiyo ya mafuta ndiyo iliyowaleta Tanganyika kwa mara ya kwanza kwa kishindo, na haikuwa kwa ajili ya chai. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa wanapimiwa mafuta ya kula kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga kwa matrekta kwenye mapori ya Tanganyika. Serikali ikalikuza, ikapanga zaidi ya ekari milioni tatu, na United Africa ikapewa kusimamia mwanzo wa kazi. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Kongwa, ambako mvua ni ya kubahatisha, udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikang'ang'ania chini na majembe yakavunjika. Mpango ukatupwa mwaka 1951, baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Wagogo hawakuulizwa. Wangeulizwa, wangewaeleza kuhusu mvua za kwao bure.

Sasa chai. Mashamba ya kwanza ya Mufindi yalifunguliwa na walowezi wa Kijerumani katika kipindi cha kati ya vita viwili. Walikipenda kibaridi, na ukungu wa milima ile unaifaa chai kuliko zao lolote. Vita vya Pili vilipozuka Wajerumani wakawekwa kizuizini, mali zao zikashikwa na serikali ya kikoloni kama mali ya adui, na mashamba yakaangukia kwa kampuni ya chai ya Kiingereza, Brooke Bond. Hapa kuna kichekesho: hakukuwahi kuwa na Bwana Bond. Kulikuwa na Arthur Brooke, aliyefungua duka la chai Manchester mwaka 1869, na neno "bond" aliliongeza likiwa na maana ya dhamana kwa wateja wake. Ni akili ile ile ya Lever na pauni zake 1,000.

Kwa hiyo kwa miongo kadhaa chai ya Mufindi haikuwa na uhusiano wowote na sabuni. Uhusiano ulianzia dukani. Unilever walishakuwa na magari, mawakala na rafu katika kila mji wenye duka, na gari linalopeleka Omo Makambako halioni uzito wa kuongeza katoni la majani ya chai. Mwenye duka ni yule yule, mama anayenunua ni yule yule, na chai, kama sabuni, inakwisha kila wiki. Wakamaliza kuinunua Lipton, kampuni nyingine ya chai, mwaka 1972. Mwaka 1984 wakainunua Brooke Bond yenyewe, na ndani ya mkoba huo kulikuwa na Kericho ya Kenya na Mufindi yetu. Mashamba yalikuja na jina, kama ndama anavyokuja na ng'ombe aliyenunuliwa.

Nao hawakuishia hapo. Mwaka 1987 ikaingia Chesebrough-Pond's, wenye Vaseline. Hii lazima niiseme, kwa sababu sisi wa Nyanda za Juu bila mafuta ya mgando mwezi wa sita na wa saba midomo inachanika na visigino vinakuwa kama udongo wa Kongwa. Mafuta hayo hayakutoka kwenye mti wala mnyama. Robert Chesebrough, kijana mkemia wa Marekani, alikwenda mwaka 1859 kwenye visima vya petroli vya Titusville, akawakuta wafanyakazi wanalaani nta inayoganda kwenye mitambo yao, ila wakijikata wanaipaka kwenye jeraha. Akaichukua, akaisafisha kwa miaka, akapata hakimiliki mwaka 1872. Vaseline haiingizi maji kwenye ngozi. Inaziba tu, ili unyevu uliomo usitoroke na upepo wa Makete. Ndiyo maana ukijipaka mara tu baada ya kuoga inafanya kazi vizuri kuliko ukijipaka ngozi ikiwa imeshakauka.

Kampuni iliyokusanya hivyo baadaye ikaanza kupunguza. Blue Band na ndugu zake waliuzwa mwaka 2018 kwa wawekezaji wa KKR wa Marekani. Biashara ya chai ikatangazwa kuuzwa mwaka 2021 kwa wawekezaji wengine, CVC, kwa euro bilioni 4.5, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa, Mufindi ikiwa ndani. Mwaka 2024 wenye Lipton nao wakatangaza kuyauza mashamba yao ya Afrika Mashariki kwa Browns ya Sri Lanka. Wanaokunywa chai wanapungukiwa hamu ya majani meusi huko Ulaya, na shamba lina gharama ambazo pakiti haina: barabara, nyumba za wafanyakazi, zahanati, jua linapochoma na baridi inapounguza. Sabuni na mafuta ya kupaka havina shida ya barafu ya asubuhi.

Mwaka jana nilikuwa stendi ya Mafinga natafuta gari la kwenda kumwona mjomba, sasa amestaafu. Nikamwambia konda nashuka kwenye mashamba ya chai, upande wa Lugoda. Hakunielewa, ikabidi mzee aliyekaa siti ya mbele amtafsirie.

"Anakwenda Bruku Bondi huyo."

"Aaa," konda akasema, "si ungesema. Panda."