Sileji kwa wa juu, hei kwa wa chini: malisho ya kiangazi mkoani Kilimanjaro

Ikifika Agosti, barabara zinazopanda Kibosho na Machame hujaa magari yaliyosheheni mabua ya mahindi kutoka tambarare. Anayenunua wakati huo hununua kwa bei ya shida, na mara nyingi anapata fito tupu: majani yamepeperuka, mengine yameliwa na mchwa.

Hesabu ifanywe Juni. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 hula takribani asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12 za chakula kikavu. Siku 90 za kiangazi zinataka kilo 1,080. Robota (mzigo uliofungwa) la hei, yaani nyasi zilizokaushwa, likifungwa kwa boksi la mbao huwa na kilo 20 hivi, kwa hiyo asiye na chakula kingine aweke marobota 54, tuseme 60 kwa tahadhari, kwa kila ng'ombe. Wafugaji wakisikia hivyo hucheka, kisha hugeuka kulitazama banda.

Tatizo ni pa kukaushia. Vihamba vya juu, yaani mashamba ya nyumbani mlimani, Juni na Julai vina baridi na mawingu. Nyasi ukizianika zinaoza. Huko tengeneza sileji, yaani majani mabichi yaliyoshindiliwa na kuchachushwa bila hewa. Kata matete yakifika mita moja hivi, yaache yanyauke nusu siku, yakatekate vipande vya sentimita 2 au 3, kisha nyunyizia molasi iliyozimuliwa kwa maji. Jaza kwenye mfuko mgumu wa nailoni, kidogo kidogo, ukishindilia kwelikweli. Hewa ikibaki, utafungua kuvu. Funga kwa wiki 4 angalau, na panya akitoboa, ziba siku hiyohiyo.

Tambarare kuna jua, basi kausha hei. Kata nyasi zinapoanza kuchanua. Zikishatoa mbegu zimebaki ujazo tu. Mabua nayo yaingie chini ya paa mara baada ya kuvuna mahindi, na wakati wa kulisha yachanganywe na majani ya mti wa lukina au mashudu ya alizeti, maana peke yake hayatoi maziwa. Kuyaloweka kwa mbolea ya urea kunasaidia, ila mimi simshauri mtu aanze bila ofisa mifugo kumsimamia. Urea ikizidi inaua.

Na gogo la mgomba, kimbilio letu la Septemba? Zaidi ya asilimia 90 ni maji. Mkatie ng'ombe, lakini lihesabu kwenye ndoo ya maji, si kwenye marobota.