Kwenda Kula Krismasi Wakati Hamsemezani na Ndugu Yako

Kuanzia katikati ya Desemba barabara ya kwenda Moshi hufurika. Mchaga, awe Dar es Salaam au Mwanza, atafanya kila njia ale Krismasi nyumbani Kilimanjaro, iwe Rombo, Marangu au Machame. Wiki hizo hizo, katika kazi yangu ya uchungaji, wanaume huja kuniambia kwamba mwaka huu hawapandi mlimani. Wanaanza na nauli, wanataja ada za Januari. Tukikaa kidogo, kinachotoka ni kihamba, shamba la nyumbani la ukoo.

Baba ameshazikwa, shamba la migomba na kahawa halijagawanywa. Kwa mila, nyumba ya baba humbakia kitinda mimba, na mkubwa hupewa sehemu nyingine. Siku hizi ardhi haitoshi watoto wote, na aliye katikati anaona ametupwa. Yapo na maneno yaliyotamkwa msibani ambayo hakuna aliyeyaomba radhi.

Ndugu zangu, someni Luka 12 kuanzia mstari wa 13. Mtu mmoja alimwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi. Yesu alikataa kuwa mgawanyi, akawaonya wajilinde na choyo. Simaanishi kwamba haki yako ya urithi ni jambo dogo. Ina mahali pake: kikao cha ukoo kilichoitwa kwa ajili hiyo, na mahakama inayomthibitisha msimamizi wa mirathi. Tarehe 25, mbuzi amechinjwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, si mahali pake. Ugomvi mwingi ninaoitwa kusuluhisha Desemba ulianzia hapo, kwa sentensi moja iliyorushwa mbele ya mawifi na watoto.

Kupatana na ndugu ni jambo moja, kugawana shamba ni jingine. Hayo mawili tukiyafunga pamoja, tunakosa yote. Mfano ninaourudia sana ni Yakobo na Esau, Mwanzo 32 na 33. Yakobo alikuwa amechukua mbaraka wa kaka yake kwa hila, akakaa ugenini miaka mingi. Siku ya kurudi alisikia Esau anakuja na watu 400. Aliogopa, naye alimwambia Mungu waziwazi kwamba anaogopa. (Wanaume wengi ninaowashauri hawajawahi kuomba sala ya namna hiyo.) Akatanguliza wanyama wa zawadi kwa Esau, wakiwemo mbuzi majike 200, kisha akaenda mbele ya familia yake mwenyewe, akainama mara saba. Esau akamkimbilia, akamkumbatia, wakalia.

Wahubiri wengi huishia hapo, na mimi naona tunawanyima watu sehemu inayofuata. Esau alitaka waongozane. Yakobo hakukubali; Esau akarudi Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Walipatana bila kuishi pamoja. Halafu sura ya 35 inasema walimzika baba yao, Isaka, wote wawili. Kwangu hicho ni kipimo cha kweli cha upatanisho: mnaweza kusimama pamoja kaburini kwa baba.

Wazee wetu walikuwa na jani la isale. Aliyekosa alilipeleka kwa aliyemkosea, na kulikataa lilikuwa jambo zito. Sioni kinachomzuia Mkristo kumtuma mjomba au mzee wa kanisa mapema, kabla ya safari, akaseme: ndugu yako anakuja, anaomba msalimiane, ya shamba yatasubiri kikao. Mpigie na wewe mwenyewe. Asipopokea, Warumi 12:18 inasema, ikiwezekana, kwa upande wenu, mkae kwa amani na watu wote. Upande wake si mzigo wako. Nenda ukamwone mama. Ila kama umeshatishiwa panga, usilale pale. Fikia kwa shangazi na uripoti kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwa asiye na fedha nitasema kwa kifupi. Yusufu alifika Bethlehemu, mji wa ukoo wake, na mchumba mjamzito, na Luka anaandika kwamba hawakupata nafasi. Sadaka waliyotoa baadaye hekaluni ilikuwa ya ndege wawili, sadaka ya maskini. Hivyo mweleze mkeo leo kiasi mlicho nacho, mkubaliane nani atapewa nini, asije akayasikia jikoni kwa mama mkwe. Ukifika, mwambie mama ukweli huo huo.