Hiyo uliyo nayo ni nakala, bekapu ni kitu kingine

Mtu akifuta folda za tovuti yake kwa bahati mbaya, mara nyingi utamsikia akijituliza: "Hakuna shida, bekapu ipo." Muulize ipo wapi. Atakuonyesha faili la zipu, yaani mafaili yaliyobanwa pamoja, lililokuwa ndani ya public_html (folda inayobeba tovuti) ileile aliyoifuta. Au atasema seva ina diski mbili, kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Au kwamba mafaili yake yanajisawazisha yenyewe na Google Drive. Vyote hivyo ni vizuri kuwa navyo, ila hakuna hata kimoja kinachostahili jina hilo.

Maana yenyewe haihitaji maelezo marefu. Bekapu ni nakala ya data kama ilivyokuwa wakati fulani uliopita, iliyowekwa mahali ambapo balaa lililoipata data ya asili haliwezi kuifikia, na ambayo imeshajaribiwa kurejeshwa ikakubali. Watu hushika neno "nakala" tu, yale ya wakati, mahali na jaribio wakayaacha.

Diski mbili zinazofanana, zile mafundi wanazoziita RAID, zinakulinda diski moja ikifa. Hazikulindi wewe na kidole chako. Ukifuta folda, amri inatekelezwa kwenye diski zote mbili papo hapo, kwa uaminifu mkubwa. Usawazishaji ni hivyohivyo: kazi yake ni kuhakikisha kule kunafanana na huku, na huku kukiwa tupu, kule nako kunafuata. Google Drive angalau huacha kilichofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, lakini hiyo ni huruma ya pipa, si kazi ya usawazishaji. Kitu kinachoonyesha sasa tu hakiwezi kukurudisha jana.

Mahali ndipo wengi wanapoumia. Fungua akaunti ya kawaida ya cPanel, ile paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva, uingie sehemu ya mafaili. Utaona etc, logs, mail, ssl, tmp, public_html, na www. Sasa mchukue mwenye tovuti ambaye nafasi imemjaa na kampuni ya kuhosti, yaani inayomkodishia nafasi kwenye seva, imeshamtumia onyo. Anafungua public_html, anaona mafaili yake. Anafungua www, anakuta mafaili yaleyale. Anajiambia: kumbe vitu vimejirudia, ndiyo maana nafasi imekwisha. Anachagua yote yaliyomo ndani ya www na kufuta, na tovuti inapotea hapohapo. www haikuwa folda ya pili, ilikuwa kiungo tu kinachoelekeza public_html. Na kama zile zipu alizokuwa akiziita bekapu zilikaa humo humo, nazo zimekwenda. Ni ufunguo wa akiba uliofungiwa ndani ya nyumba. Tena kama ana tovuti nyingine aliyoiongeza kwenye akaunti hiyo, na folda yake iko ndani ya public_html kama inavyotokea mara nyingi, nayo imeondoka bila yeye kuikusudia.

Kutoka nje ya folda hakutoshi pia. Nje ya akaunti ni afadhali, nje ya seva ni afadhali zaidi, na nje ya jengo ndiyo hasa. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza SBG2, jengo la seva la kampuni ya kuhosti ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Mwasisi wake, Octave Klaba, aliandika Twitter akiwashauri wateja waanze kutumia mipango yao ya kujiokoa. Wengi hawakuwa na mpango wowote. Walikuwepo pia waliokuwa na nakala kwa kuzilipia kabisa, wakagundua asubuhi ile kwamba nakala zilikuwa eneo lilelile na seva. Hao walilala wakiamini wana bekapu, na mimi siwalaumu sana, maana neno lilikuwa limeandikwa kwenye ankara.

Kuna kosa jingine ambalo ni la kuhesabu vibaya: kudhani tovuti ni folda. Tovuti ya WordPress, programu maarufu ya kuendeshea tovuti, ina sehemu mbili zinazokaa mbali. Mafaili yako public_html. Makala, kurasa, maoni, watumiaji na mipangilio viko kwenye kanzidata (database) ya MySQL au MariaDB, ambayo seva huiweka pengine kabisa. Kwa hiyo zipu ya public_html peke yake ni nusu ya tovuti, hata ikikaa mwezini. Lakini upande wa pili wa jambo hilo ni habari njema kwa aliyefuta: makala zake hazijafutwa. Kilichokwenda ni programu ya WordPress, ambayo inapakuliwa upya bure, pamoja na mandhari (theme) na viongezi (plugin), ambavyo vingi vinapatikana upya, na faili la wp-config.php, ambalo kazi yake kubwa ni kutaja jina la kanzidata, mtumiaji, nywila na kiambishi kinachotangulia majina ya majedwali yake. Faili hilo linaandikwa upya kwa dakika chache, na nywila unaweza kuweka mpya kwenye cPanel. Kisichopakuliwa popote ni wp-content/uploads, yaani picha zako zilizopangwa kwa mwaka na mwezi, pamoja na marekebisho yoyote uliyoyafanya kwa mkono kwenye mandhari.

Ndiyo maana inasikitisha kumwona mtu, baada ya kufuta, akikimbilia kitufe cha kusakinisha WordPress kwa mbofyo mmoja. Kitufe kile hutengeneza kanzidata mpya, tupu. Anafungua tovuti, anakuta ile makala ya salamu ya "Hello world!", anaamini kila kitu kimekufa, na kwa hasira anaiomba kampuni ifute akaunti aanze upya. Hapo sasa ndipo makala zinapokufa kweli. Angeielekeza tu wp-config.php kwenye kanzidata ya zamani, angezikuta.

Kwa aliye kwenye shida hii sasa hivi, utaratibu ni mfupi. Acha kupakia vitu. Washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa uangalie folda ya .trash: vilivyofutwa kupitia cPanel hupita huko kwanza, isipokuwa uliweka tiki ya kuruka pipa. Vilivyofutwa kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili kwa programu ya nje ya cPanel, havipiti. Kisha toa nakala ya kanzidata kwa phpMyAdmin, zana ya kanzidata iliyomo ndani ya cPanel, uipakue kwenye kompyuta yako kabla hujagusa kingine. Kisha iandikie kampuni ya kuhosti leo, si kesho, uwatajie saa uliyofuta. Kama wanahifadhi nakala moja tu ya kila siku, zamu ya usiku itaikuta folda tupu na kuihifadhi kwa bidii juu ya ile nzuri. Programu za kufufua mafaili unazozijua kwa ajili ya flashi hazikusaidii hapa, kwa sababu zinahitaji kuisoma diski yenyewe, na kwenye seva ya kushirikiana na wateja wengine wewe huna diski, una folda. Mlango wa mwisho ni Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza kurasa za zamani za tovuti. Huko unaweza kuokota maandishi na baadhi ya picha, ukurasa kwa ukurasa. Ni kumbukumbu ya namna tovuti ilivyoonekana, haina kanzidata wala msimbo uliokuwa nyuma yake. Kuiita bekapu ni kuionea.

Nimebakiza jaribio, sehemu ya maana ambayo karibu kila mtu huiruka. Hapa mfano bora ni GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu msimbo wao, ya watu wanaojua kazi yao. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wao mmoja aliyekuwa akihangaika na seva ya pili ya kanzidata aliamua kufuta folda ya data ili aanze upya kuinakili. Amri aliitoa kwa makosa kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili akaisimamisha, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilibaki kama 4.5. Wakaenda kwenye nakala. Zile za kila siku hazikuwepo: programu ya pg_dump, inayotoa nakala ya kanzidata, ilikuwa toleo la 9.2 na kanzidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila siku kazi ilianza ikagoma. Barua pepe za kuwajulisha kwamba inagoma nazo zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua, hakuna aliyeziona. Folda ya kuhifadhia nakala huko kwenye wingu ilikuwa tupu. Wenyewe waliandika hadharani kwamba katika njia tano walizokuwa wameziweka, hakuna iliyofanya kazi ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni picha ya diski, yaani nakala yake kama ilivyokuwa saa ile, ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Kazi ya saa sita ilipotea. Urejeshaji waliuonyesha moja kwa moja YouTube, watu wakitazama, na jina la mhandisi hawakulitaja kwenye ripoti. Heshima yao kwa hilo.

Tazama kilichotokea pale: mahali palikuwa sawa, ratiba ilikuwa sawa, mpango kwenye karatasi ulikuwa sawa. Hakuna aliyewahi kujaribu kuchukua nakala moja ya zile za kila siku akairejesha mahali pengine aone kama inafunguka. Kwa tovuti ndogo hilo si kazi ya siku nzima. Fungua kijikoa (subdomain) cha majaribio, weka mafaili, ingiza kanzidata, bofya kurasa kadhaa, angalia picha kama zinatokea. Ikigoma, umejua ukiwa umetulia na tovuti halisi bado iko hewani.

Kwa hiyo mwenzako akisema "bekapu ipo", hakuna haja ya kumfokea. Mwulize ni ya lini, iko wapi, na mara ya mwisho ilirejeshwa lini. Akiwa na majibu mawili ya kwanza tu, ana nakala nzuri, na hadi hapo atakapoijaribu, "nina nakala" ndilo jina lake sahihi.