Waendesha midahalo, waulizeni wagombea mambo ya maadili pia

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027 na midahalo ya urais bila shaka itakuja. Sisi tunaofundisha watu mambo ya familia na katiba tuna ombi moja kwa wale watakaokaa pale mbele na maikrofoni: waulizeni wagombea mambo ya maadili na familia, na muulize kwa kina, sio swali la kumalizia muda.

Midahalo hii tumekuwa nayo tangu 2013, ule wa kwanza ulifanyika shule ya Brookhouse, Nairobi, tarehe 11 Februari, wagombea 8 wamejipanga, watangazaji Linus Kaikai na Julie Gichuru wakiuliza kuhusu ICC (ile mahakama ya kimataifa ya jinai), ukabila, usalama, nchi nzima ikitazama. Hayo ni sawa kabisa. Deni, bei ya unga, ufisadi, lazima yaulizwe. Lakini huko mitaani kuna mzazi ambaye kijana wake amebeti pesa za karo zikaisha zote kwa simu, naye pia ni mpiga kura na angependa kusikia mtu akijibu.

Wengine husema hayo ni ya kanisa na msikiti, rais hayamhusu. Yanamhusu sana. Mswada ukitoka bungeni rais ana siku 14 za kusaini ama kuurudisha na sababu zake, na mawaziri wa afya na elimu ni yeye anawateua. Chukua suala la kutoa mimba. Katiba kifungu 26(4) inakataza, isipokuwa mtaalamu wa afya aone kuna dharura, ama maisha au afya ya mama iko hatarini, ama sheria nyingine iruhusu. Wizara ya afya ikatoa miongozo ya utoaji mimba salama 2012, ikaiondoa 2013, halafu Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kule kuiondoa hakukuwa halali, na wakati wote huo ile sheria ya adhabu ya tangu ukoloni, inayofanya kutoa mimba kuwa kosa, bado ipo. Sasa nesi wa zahanati ya kijijini, msichana amefika usiku anatokwa damu, afuate ipi? Uwe unaunga mkono ama unapinga, anayeomba kura anafaa kukujibu hilo.

Na namna ya kuuliza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukimuuliza mgombea "msimamo wako kuhusu familia ni upi" atakuambia yeye ni mcha Mungu, ana mke na watoto, makofi yapigwe, mwende tangazo. Muulize hivi: "Ukiletewa mswada wa kubadilisha vifungu vya utoaji mimba kwenye sheria ya adhabu, utasaini ama utaurudisha, na kwa nini?" Akisema nitafuata katiba, usimwachilie, msomee kifungu chenyewe umuulize yeye anakielewa vipi. Swali liwe lile lile kwa kila mgombea, maneno yale yale, na maoni yako wewe mwendeshaji yasionekane hata usoni.

Kuna hili la wanawake kuuawa ambalo binafsi naona ndilo linafaa kutangulia. Januari 2024 watu waliandamana barabarani, na baadaye mwaka huo huo polisi wenyewe wakasema wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba. Miezi 3 tu! Mgombea aulizwe ataweka pesa ngapi kwenye bajeti ya nyumba salama za wanaokimbia vipigo, kaunti gani zianze, na kesi hizi zitamalizwa vipi mahakamani badala ya wazee kukaa chini ya mti wakipatanisha.

Na mtu asipokuja, msifute swali. 2017 Raila Odinga alisimama peke yake kwenye mdahalo, 2022 ikawa zamu ya William Ruto kusimama peke yake dakika 90. Muulizeni aliyekuja, halafu lile swali la asiyekuja lisomwe hewani na jina lake, kila mtu asikie.