Hoja mbovu si lazima iwe na hitimisho la uongo

Wengi wanaamini, hata wanaojiandaa na mitihani ya mantiki, kwamba ukishaonyesha kasoro ya hoja basi anachodai mwenzako ni uongo. Sivyo.

Mchukue mkulima wa korosho wa Newala: “Msimu uliopita nilipuliza salfa, mavuno yakaongezeka. Kwa hiyo salfa ndiyo iliyoyaongeza.” Hoja ina tundu. Huenda alipalilia vizuri zaidi, au hali ya hewa ilikuwa nzuri. Jambo kutangulia jingine hakutoshi kulifanya chanzo chake.

Lakini dai lenyewe lina ukweli! Salfa huzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaofunika maua na majani machanga kwa unga mweupe. Maua yakishambuliwa, korosho hazifungi. Kinachothibitisha ni majaribio yanayolinganisha mikorosho iliyopulizwa na isiyopulizwa, shamba moja, msimu mmoja. Utafiti wa korosho una kituo chake Naliendele, hapa Mtwara.

Kwa hiyo swali likiuliza kasoro iko wapi, weka kando unachokijua kuhusu salfa. Jibu linalosema “salfa haifai” halijaigusa hoja. Linalosema “amepuuza visababishi vingine” ndilo lenyewe.