Modeli haikui ikawa ndege

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliingia karakanani kwangu Pasiansi, Mwanza, amekumbatia ndege ya rimoti kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mabawa yake mita moja na nusu, ameyachonga kutoka kwenye yale maboksi meupe mepesi ya kusafirishia minofu ya sangara. Kazi safi, sina la kusema. "Shikamoo fundi. Hii inakaa hewani dakika kumi na mbili. Sasa nataka niikuze mara sita nikae ndani."

Nikaitikia marahaba, nikamsogezea kigoda. Huyo alikuwa wa nne tangu mwaka uanze. Wa tano akija atayakuta haya nimeyabandika mlangoni: wanayoniambia, na ninavyowajibu.

Nisieleweke vibaya. Nimeshika spana kwenye hanga la ndege kubwa kwa miaka mingi, na modeli, hizi ndege ndogo za rimoti, narusha mpaka leo. Ninachotaka ni watu wa modeli na watu wanaoota kujijengea ndege ya kupanda wakae meza moja. Lakini wakae wakijua nani anampa nini mwenzake.

"Hii ndogo inaruka, basi kubwa nayo itaruka"

Hii ndiyo inayonipandisha presha. Kijana nilimhesabia kwa chaki sakafuni, na nitawahesabia na ninyi.

Bawa lake lina urefu wa mita 1.5 na upana wa sentimita 25, yaani eneo la mita za mraba 0.375. Ndege nzima na betri yake ni kilo 1.6. Kila mita ya mraba ya bawa inabeba kilo 4 na ushee. Haya, kuza mara 6. Bawa linafika mita 9. Eneo halikui mara 6, linakua mara 36: mita za mraba 13.5. Uzito nao unafuata ujazo, na ujazo unakua kwa kipeo cha tatu, yaani mara 216: kilo 345. Gawanya uone. Kila mita ya mraba sasa inabeba kilo 25 na nusu. Sura ni ileile, mzigo umezidi mara sita.

"Si tutakwenda kasi zaidi, fundi?" Ndiyo, tutakwenda kasi zaidi, kwa lazima na si kwa kupenda. Kasi ya kustoli, pale bawa linapoacha kubeba, inapanda kwa kipeuo cha pili cha 6, karibu mara mbili na nusu. Modeli yake inastoli kwenye kilomita 30 hivi kwa saa. Hilo dude lake litastoli kwenye sabini na kitu. Modeli ikitua vibaya unavunja propela, unatoa nyingine mfukoni. Kwa kilomita 70 kinachovunjika si propela peke yake.

Na hilo bado ni dogo. Kubwa ni boriti ya bawa, ule ubao wa ndani unaolishikilia kwa urefu wake. Mzigo umekua mara 216, na mkono unaoibetua boriti ile umerefuka mara 6. Zidisha: nguvu ya kuikunja imekua mara 1,296. Boriti yenyewe, ukiikuza kwa vipimo vyote, ukinzani wake unakua mara 216 tu. Kwa hiyo ubao uleule, gundi ileile, sasa unateswa mara sita kuliko ulivyoteswa kwenye modeli. Kitu kinachokaa kimestarehe kwenye kidogo kinaweza kuwa kinapumua kwa shida kwenye kikubwa, na kwa macho huoni tofauti.

Mwaka juzi walikuja wawili ambao hawakungoja hesabu. Walikuwa wamekwisha kujenga bawa la upande mmoja, plaiwudi nje na yale maboksi ya samaki ndani, wamelipaka rangi ya samawati na kuandika jina. Nikawaambia tulilaze kifudifudi, tufunge shina lake, pale linapoungana na ndege, kwenye fremu ya chuma, tupange viroba vya mchanga vya kilo 50 kuanzia shinani kwenda ncha. Kwa nini kifudifudi? Kwa sababu hewani bawa linasukumwa juu, na mchanga unasukuma chini. Ndege yao ingekuwa na uzito wa kama huo wa kilo 345, kwa hiyo kila bawa, kwenye hewa tulivu kabisa, lingebeba karibu kilo 170. Kiroba cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu likaanza kulia kidogo, kama mlango wenye bawaba kavu. Cha nne hakikupata hata kutulia. Likakatika kama muwa, sentimita thelathini kutoka shinani.

Ndege ndogo za kawaida husanifiwa zihimili mara 3.8 ya uzito wake, kisha inaongezwa akiba ya nusu tena juu ya hapo. Kwa ndege yao hiyo ni viroba zaidi ya 12 kila bawa kabla ya kuigusa akiba. Wao walifika vinne. Modeli waliyoikuza haikuwa na kosa lolote, iliruka vizuri tu.

Anayedhani huu ni ujinga wa Mwanza asome habari za Samuel Langley wa Marekani. Alikuwa mwanasayansi mkubwa, bosi wa taasisi ya Smithsonian, na serikali ilimpa fedha. Mei 1896 modeli yake ya mvuke, bila mtu ndani, iliruka karibu kilomita moja juu ya mto Potomac. Akatengeneza nyingine ya petroli, robo ya kipimo cha ile kubwa aliyokusudia, nayo ikaruka. Basi akajenga kubwa, akamweka mtu ndani. Oktoba 7, 1903 ikatumbukia mtoni. Desemba 8 ikatumbukia tena. Wapo waliolaumu manati ya kuirushia, wapo waliolaumu udhaifu wa muundo wenyewe. Siku tisa baadaye, Desemba 17, ndugu wawili Wright, Wamarekani pia, wakaruka na ndege yao ya injini, mtu ndani, sekunde 12, mita kama 37.

Na hao Wright modeli walizitumia sana! Mwaka 1901 walitengeneza handaki la upepo, sanduku tu la mbao lenye feni, wakapima humo vibawa vidogo vya bati vya maumbo mbalimbali. Ila hawakukichukua kibawa wakakikuza. Walichukua *namba* zake. Kisha wakajizoeza kurusha kwa ndege kubwa zisizo na injini, za kuteleza hewani, wakilala juu yake wenyewe. Langley aliifanya modeli kuwa mbegu. Wright waliifanya mizani.

Kwa hiyo ukitaka modeli ikufundishe kuhusu ndege utakayopanda, anzia kwenye kubwa urudi chini. Sema ndege yako itakuwa kilo 400. Modeli yake ya robo ipunguze kwa kipeo cha tatu cha 4, yaani 64: inatakiwa iwe kilo 6.25, si mbili, si tatu. Kama ni nyepesi, iongezee vipande vya risasi, ile metali nzito, na uzito huo upangwe mahali unapokaa kwenye kubwa: injini, tangi, rubani. Hapo itaruka kwa nusu ya kasi ya kubwa, na kila kitu kitatokea kwa nusu ya muda. Ikianguka huku inazunguka kama pia kwa sekunde mbili kabla ya kutoka kwenye mzunguko, hesabu nne za kwako. Wataalamu wa Langley, kile kituo cha NASA huko Virginia, Marekani, chenye jina la mzee huyohuyo, walijenga handaki la upepo la wima, la mwaka 1941, kwa ajili ya kuzungusha modeli, na modeli zilizorushwa humo zilipangiwa uzito hivi. Modeli nyepesi inayoelea kama unyoya haikuambii chochote. Inakubembeleza.

Hapa ndipo pande mbili zinapohitajiana. Mwenye modeli ana vidole, anajua ndege inayokwenda kombo kwa kuitazama tu, na ameanguka mara mia bila kuumia. Mwenye kujenga kubwa ana daftari, mizani, viroba vya mchanga na tabia ya kukagua kila nati. Burt Rutan, aliyesanifu Voyager, ile iliyoizunguka dunia Desemba 1986 bila kutua wala kuongeza mafuta, alianza na modeli utotoni. Alipokuwa anabuni ndege yake ya kwanza ya kujijengea alifunga modeli yake juu ya paa la gari akaendesha barabarani akipima. Tafadhali msifanye hivyo Barabara ya Makongoro saa kumi na moja jioni.

"Modeli ni midoli ya watoto"

Hii wanaisema wale wa upande wa pili, wazee wa ndege "za kweli". Mwaka 2018 dawa zilikuwa zinarushwa kutoka bara hapa kwenda kisiwa cha Ukerewe na ndege isiyo na rubani, kilomita 60 kwa dakika kama 40. Mzee anayecheka aende Ukerewe kwa boti, kisha arudi acheke.

"Resini ni resini"

Hapana! Mafundi wetu wa boti za faibaglasi wanatumia resini ya poliesta, nzuri tu kwa boti. Ukiipaka juu ya boksi la samaki, inalila. Nimeletewa bawa limebaki ganda, ndani shimo, kama kiazi kilichoingiwa na fukusi. Juu ya povu hilo tumia epoksi. Petroli nayo inaliyeyusha, kwa hiyo tangi lisivuje hata tone, na ukitaka uhakika jaribu kwenye kipande cha kutupa kwanza. Ninaisema hii kila wiki. Kila wiki.

"Injini ya bodaboda inatosha, mbona inabeba mishikaki"

Injini ya cc 150 inatoa nguvu farasi kumi na kidogo, tena kwa vipindi, maana dereva anaachia mafuta kila baada ya kona. Ndege inaidai injini robo tatu ya nguvu zake saa nzima bila kupumzika. Wanaojijengea ndege ndogo duniani wengi wametumia injini za Volkswagen ya kobe, za farasi hamsini na zaidi, na hata hizo hufanyiwa kazi kubwa kabla ya kufungwa.

Halafu kuna suala la hapa petu. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, nyuzi 28, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ile inayoandikwa kwenye vitabu vya injini. Injini inavuta hewa pungufu, propela inashika hewa pungufu, bawa vilevile. Video uliyoitazama imepigwa Uholanzi, karibu na usawa wa bahari.

"Ikigoma kupanda, ongeza uzito mkiani pua inyanyuke"

Usithubutu. Wanamodeli wana msemo kwamba ndege nzito puani huruka vibaya, nzito mkiani huruka mara moja. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapolala sawa ukiiinua kwa vidole, kwenye ndege ya mkia wa kawaida kikae kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kikivuka hapo kwenda nyuma, ndege inapoteza utulivu na hakuna kidole kitakachoiwahi. Hili ni somo moja ambalo modeli inalifundisha sawasawa na ndege kubwa, kwa hiyo lijifunzie huko kwa bei nafuu.

"Nimejenga mwenyewe, ruhusa ya nini"

Ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kwa ndege ya kupanda na kwa ile ya rimoti pia. Karakana yangu iko jirani na uwanja wa ndege, na kwa sababu hiyohiyo sijawahi kurusha hata karatasi pale. Tunabeba vitu vyetu kwenye Noah, tunatoka nje ya mji.

"Tutajaribia juu ya ziwa, ikianguka maji ni laini"

Maji si laini kwa kitu kinachokwenda kasi, na aliyefungwa mkanda anayapata mengi kabla hajafungua. Novemba 6, 2022, pale Bukoba, ndege iliingia ziwani karibu kabisa na uwanja, wavuvi wakafika kwa mitumbwi, na bado watu 19 kati ya 43 hawakutoka. Sitaki kuisikia tena hoja hii.

Na kama ni modeli tu: rusha alfajiri. Upepo wa ziwani ukishaamka mchana unaichukua ndege yako mpaka mwambani, na miamba ya Mwanza mnaijua.

Kijana wa Jumamosi aliondoka kimya, modeli kwapani. Jumatano akarudi, hakukaa hata kwenye kigoda, akaniuliza kama rubani wa kilo 70 kwenye modeli ya robo anakuwa kilo ngapi. Nikamwambia apige hesabu mwenyewe. Akapiga, akapata kilo moja na gramu tisini na nne hivi. Akaazima mizani yangu ya samaki, na mpaka leo hajairudisha.